Uzito Kwenye Mzani Mtupu

Nilikwenda kutengeneza mzani. Sikwenda kwa mganga, sikwenda makaburini. Nilitoka nyumbani kwa bibi yangu, mtaa wa Mfaranyaki, jua linazama, nimebeba chuma cha kulehemu ndani ya mfuko wa rambo, na hasira ya kutosha kuivisha maharage.

Hasira yenyewe ilikuwa hivi. Ushirika ulikuwa umekufa, wanunuzi binafsi wa mahindi wamemiminika Songea kama kumbikumbi, na mmoja wao, Ramson, alikuja na mzani wa umeme wenye namba nyekundu. Wakulima wa Mpitimbi waliozoea mizani ya mawe waliukubali shingo upande. Halafu namba zikaanza kuota vivuli. Gunia likipanda, nyuma ya saba unaona namba nyingine imefifia, kama imejificha. Mzani ukiwa mtupu, kando ya sifuri kuna kitu chekundu, hafifu, kinachungulia.

Wakasema ni mtu. Mtu asiyeonekana amesimama juu ya mzani.

Na mtu wa namna hiyo lazima awe na mwenyewe. Wakamtafuta mwenyewe, wakampata bibi yangu Asumpta, mjane anayefagia ghala la Ramson na kuokota punje zilizomwagika. Na aliyesimama pale juu, walisema, ni mama yangu, Leticia.

Mama alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sina hata sura yake kichwani. Lakini mtaa ulikuwa na maneno yake: kwamba hakufa, kwamba kilichozikwa ni gogo la mgomba, na mtu mwenyewe bibi alimfanya ndondocha, akamficha, anamtumikisha gizani na kumlisha pumba. Binti yake wa kumzaa!

Kesho asubuhi lori lingempeleka bibi kwa mnyoaji wa wachawi, huko vijijini. Angenyolewa kichwa chote mbele ya watu, apakwe dawa, na akirudi ahame mtaani kwetu.

"Nywele huota, Getruda," aliniambia jioni ile, akifumua mabutu yake taratibu. "Waache wanyoe."

"Na nyumba, bibi? Nayo huota?"

Akashika butu jingine. Ndipo nikachukua mfuko wangu.

Nje ya ghala nilikuta watu wamesimama mbalimbali, hakuna anayetaka kuwa karibu na mlango. Mbele yao alikuwa mzee Hironimus, jirani yetu, yule yule aliyeitisha kikao cha kumjadili bibi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kubishana na mzani?"

"Nimekuja kuutengeneza. Zile taa haziwaki zote kwa pamoja. Zinapokezana, upesi mno hata jicho linadanganyika. Swichi ya namba moja ikichelewa kuzima, mwanga wake unamwagikia namba ya jirani. Hicho ndicho kivuli chenu. Sisi mafundi tunakiita mzuka, na hatumnyoi mtu."

"Chuoni wamekufundisha kusema."

"Wamenifundisha kudai ushahidi. Nani amemwona bibi akimpandisha mtu pale?"

"Mchawi haonekani."

"Kwa hiyo kutoonekana ndio ushahidi? Basi hata wewe, babu, sijawahi kukuona ukiwanga. Tukupakie kwenye lori?"

Watu wakacheka. Hironimus hakucheka. Ramson, mgeni wa huko kaskazini aliyetaka tu mahindi yake yapimwe, akainua mikono.

"Jamani, tukubaliane. Injinia aingie, atengeneze. Kisha tunaingia wote. Mzani mtupu ukisoma sifuri safi, bibi anabaki. Ukisoma kitu kingine..." Akanitazama. "Dada, mimi siwezi kupambana na mtaa mzima."

"Sawa," nikasema.

Hakuna aliyeingia nami.

Ghala lilinuka mahindi makavu na dawa ya wadudu. Magunia yalipangwa mpaka kwenye mabati. Taa ilikuwa moja, ya njano, inayopungua nguvu na kurudi, kama umeme wote wa Songea miaka ile. Mzani ulikuwa sakafuni katikati, sahani pana ya chuma, na mlingoti uliobeba kisanduku cha namba.

Nilikifungua. Nikazungumza peke yangu, maana kimya kilikuwa kikubwa mno. Kosa lilikuwa pale pale nilipolitegemea: transista mvivu, inawaka vizuri lakini inachelewa kuzima. Nikalehemu rezista ndogo ya kuivuta izime haraka. Moshi wa risasi ya kulehemu ukanipanda puani. Nikawasha.

Sifuri.

Safi, nyekundu, haina kivuli kushoto wala kulia.

Nilipiga makofi mwenyewe. Halafu nikageuka, nikitafuta mtu wa kumwonyesha. Ni tabia ya kijinga. Ninayo tangu shule ya msingi, kila nilipopata vema zote: kugeuka. Nyuma yangu palikuwa na magunia tu.

Sahani ya chuma ikalia. *Kwi...*

Nikatazama namba.

Arobaini na tatu.

Haikuwa hafifu. Haikuwa kivuli cha jirani. Ilikuwa inawaka kamili, kama kuna gunia dogo limewekwa. Nikainama. Chini ya sahani hapakuwa na kitu. Juu yake hapakuwa na kitu.

Mzuka wa taa nilikuwa nimeuondoa. Kilichobaki kilikuwa uzito.

Namba ikasogea. Arobaini na nne... arobaini na mbili... arobaini na nne... Inapanda, inashuka, kwa mwendo mmoja. Nilifikiria umeme. Nilifikiria waya uliolegea. Nilifikiria kila kitu ambacho ningeweza kukisema mbele za watu. Lakini mwili wangu uliujua mwendo ule kabla ya akili. Ni mwendo wa mwanamke anayebembeleza mtoto mgongoni. Mguu huu. Mguu ule. Mguu huu.

Harufu ya dawa ya wadudu ikaondoka. Ikaja ya sabuni ya kufulia na moshi wa kuni.

"Mama?" nikanong'ona.

Namba ikatulia.

Nifanyeje? Ushindi wangu wote ulikuwa ni kwamba hapo hapana mtu. Na kila kilichokuwa ndani yangu kiliomba awepo.

"Injinia!" Ramson aliita nje. "Tunaingia!"

"Bado!"

"Giza linaingia, dada. Watu wanataka kwenda makwao."

Mlango ukaanza kuburuzwa. Namba ilikuwa pale pale, inawaka, arobaini na tatu, inatosha kumnyoa bibi yangu mara mia.

Nikapanda juu ya sahani.

Palikuwa na baridi upande wa kushoto tu. Nikasogea kumpa nafasi. Ndiyo, nilimpa nafasi.

"Wakikuona watamfukuza bibi," nikanong'ona. "Nikishuka, shuka nami. Tafadhali."

Wakaingia wamejikusanya. Ramson akatazama namba. Tisini na tano.

"Ee! Kumbe chakula cha chuo ni kizuri hivi?"

Watu wakacheka, kicheko cha watu wenye hofu. Mimi ni mwembamba. Sketi yangu nilikuwa nimeibana kwa pini. Hironimus alikuwa anatazama vifundo vya mikono yangu, kisha namba, kisha vifundo vya mikono yangu.

"Shuka," akasema.

Nikanyoosha mkono wa kushoto, kama mtu anayetafuta pa kujishikiza. Nikashuka.

Namba ikakaa pale muda wa pumzi moja. Arobaini na tatu...

Sifuri.

Ramson akaupigapiga mzani, akaweka gunia, akaliondoa. Sifuri safi. "Nilisema mimi!" akapiga kelele, ingawa hakuwa amesema. "Ni waya tu! Kesho tunapima. Bibi abaki kwake, na lori libebe mahindi." Watu wakaanza kupumua, wakaanza kudai wao hawakuamini tangu mwanzo.

Hironimus akanisogelea. "Mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini, "mbona mkono umeukunja hivyo? Umeshika nini?"

"Sijashika kitu, babu."

Sikuukunjua.

Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa tupu. Nilitembea taratibu kuliko kawaida, sikugeuka hata mara moja. Niliogopa kumwona. Niliogopa zaidi kutomwona.

Bibi alinifungulia kabla sijabisha. Nywele zilikuwa zimefumuliwa, nyeupe, zimezunguka uso wake.

"Huendi popote," nikamwambia. "Ilikuwa transista."

"Mungu ni mwema," akasema. "Ingia, baridi."

Nikaingia. Bibi hakufunga mlango. Alijibanza ukutani, akavuta ncha ya kanga yake isikanyagwe, akangoja kidogo. Kisha akafunga na kuweka komeo, wala hakunitazama.

Mimi ninayedai ushahidi kwa kila mtu sikumuuliza neno. Maana alivyovuta ile kanga, hakufanya kama mtu aliyeshtuka. Alifanya kama mtu aliyezoea.