Kanga Kumi na Wawili wa Nkambo Simone

Cha, cha, cha. Kulikuwa bado giza, na umeme ulikuwa haujarudi tangu jana yake, lakini Syntiche hakuhitaji mwanga kuitambua sauti ile. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye punje za mtama ndani, nalo lilikuwa mkononi mwa bibi yake, Nkambo Simone. Kila alfajiri na kila jioni, kabla ya kuwapa kanga chakula, Nkambo alitikisa kopo mara tatu, akanyamaza, akatikisa tena. Kutoka bandani nyuma ya nyumba, kanga walijibu kwa makelele yaliyowaamsha majirani wote.

Syntiche alitoka na ndoo ya maji. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kufagia banda na kubadilisha maji. Wiki kumi zilikuwa zimepita tangu Nkambo alete mayai kutoka Lukafu, ameyafunika kwa pumba ndani ya kikapu alichokipakata njia nzima. Kuku mmoja mwekundu aliyaatamia. Walianguliwa kumi na wawili, na tangu siku hiyo hawakuwahi kutoka nje ya waya, hadi jana yake.

"Nkambo, leo watatoka wangapi?"

"Wawili tu. Jana wawili walitoka na wakarudi, si uliona? Walirudi kwa sababu walikuwa na njaa, na wenzao walikuwa wanawaita kutoka ndani." Nkambo alimwaga mtama kidogo. "Kanga haiko kuku, mwanangu. Kuku ukimukosea leo, kesho amesahau. Kanga ukimukosea siku za kwanza, anajitafutia kwake kwingine."

Kabla ya kwenda kwenye sala ya jumuiya mchana ule, Nkambo alimwachia Syntiche maagizo. Asiwape kanga chakula cha jioni. Asiguse komeo la banda. Yeye angerudi saa kumi na moja, nao wangefungua pamoja.

Syntiche aliitikia, na alikusudia kutii. Lakini saa tisa alikuja Kapinga, rafiki yake wa darasani, akaegemea waya wa banda huku akila karanga.

"Eh, kanga zenu ziko gereza," alisema Kapinga.

"Si gereza. Wanajifunza kurudi nyumbani."

"Wanajifunza namna gani na mlango umefungwa? Mi naona hata kuruka hawajui. Umefuga mawe yenye madoadoa, Syntiche."

Syntiche alicheka, lakini maneno yalimchoma. Akafikiri: nikiwashibisha vizuri, watafurahi, hawatakwenda popote. Akachukua sufuria ya mtama, akaimwaga yote. Kanga walikula mpaka wakaanza kukanyaga punje bila kuziokota. Kisha Syntiche akavuta komeo.

Kwa muda hakuna aliyetoka. Walisimama mlangoni, shingo ndefu, vichwa vikigeuka huku na huku. Halafu mmoja akatoka, na wote wakamfuata. Wakati uleule radi ya kwanza ya mvua za Novemba ikanguruma upande wa mji. Kanga kumi na wawili waliruka kwa pamoja juu ya ukuta, kama shuka lililokung'utwa, na ua ukabaki mtupu.

Kapinga aliacha kutafuna. "Mama ananiita," alisema, ingawa hapakuwa na mtu aliyeita. Akaondoka.

Syntiche alitikisa kopo. Hakuna aliyejibu. Alitikisa mpaka mkono ukamuuma. Walikuwa wameshiba, kwa nini waje? Upepo ulivuma ukinukia mvua. Pembeni huku mwa Lubumbashi kulikuwa na paka wa porini, na barabara ya magari makubwa, na watu ambao kanga kwao ni mchuzi tu.

Aliposikia lango likifunguliwa, aliukunja waya wa mlango kwa mikono miwili mpaka ukapinda. Aliyeingia alikuwa mama yake, Mama Germaine, ametoka kazini.

"Syntiche, kanga wako wapi?"

"Ni mbwa," mdomo wake ulisema. "Mbwa wa Papa Zéphirin. Amevunja mlango."

Papa Zéphirin alikuwa jirani wa ukuta, mzee aliyefanya kazi ya reli hata akastaafu. Aliongea kwa nguvu kana kwamba treni bado inapita karibu yake, na watoto wote wa mtaa walimwogopa. Mama Germaine alikwenda kwake moja kwa moja. Syntiche alisikia kila neno kutoka upande wa pili.

"Mbwa wangu? Sajini hajawahi kugusa hata kifaranga."

"Baba, mtoto ameona kwa macho yake."

Kisha sauti ya mzee ikaja, safari hii chini. "Kama mutoto ameona, basi. Mimi sitaki maneno na majirani. Kuna mutu wa Kilwa, kule ziwani, aliniomba huyu mbwa zamani. Kesho asubuhi atamuchukua."

Mnyororo ulilia. Sajini, ambaye siku zote alitembea huru, alifungwa, akaanza kulalamika kwa sauti nyembamba. Syntiche aliziba masikio. Bado aliisikia.

Nkambo aliporudi, Mama Germaine alikuwa langoni akiwakusanya vijana wa mtaa kwenda kuwasaka kanga kwa fimbo na filimbi. Nkambo hakumuuliza mtu. Aliinama bandani, akagusa waya uliopinda, akatazama chini. Mtama ulikuwa umetapakaa. Unyoya haukuwepo hata mmoja.

Akamshika Syntiche mkono, akamkalisha kwenye kigoda.

"Sikiliza vizuri. Jua limebaki kidogo. Kama mbwa aliwafukuza, wako mbali, na hawa vijana waende haraka. Kama walitoka wenyewe, wako hapa karibu, na makelele ya vijana njo yatawapoteza kabisa. Lazima nijue ni ipi. Mdomo ukikataa, nijibu na kichwa."

Syntiche alitazama miguu yake.

"Ni weye ulifungua?"

Kichwa kilishuka, kikapanda.

"Wote?"

Kikashuka tena.

"Walikuwa wamekula?"

Machozi yalidondoka kwenye goti lake. Alitikisa kichwa kukubali.

Nkambo hakupiga kelele. Alisimama upesi kuliko umri wake. "Germaine, waambie vijana wakae. Asitoke mutu, asipige mutu filimbi. Tutaongea nyuma, hii kazi ikiisha."

Kisha kazi ikaanza. Ndani ya banda hapakuwa na kanga hata mmoja wa kuwaita wenzake, basi Nkambo alimkamata kuku mwekundu, yule aliyewaatamia, akamfunga kwa kamba mguuni humo ndani. Kuku alilalamika kwa sauti ileile ambayo kanga waliisikia tangu wakiwa ndani ya mayai. Syntiche alitundika taa ya sola darini mwa banda, kwa sababu kanga haingii nyumba yenye giza. Mlango wakauacha wazi. Wakaketi ukutani, bila kusema, Mama Germaine katikati, kopo mapajani mwa Nkambo.

"Bado," Nkambo alinong'ona kila Syntiche alipolitazama kopo. "Tuwaache wasikie njaa kidogo na woga kidogo."

Wingu lilifunika mji. Matone machache yalipiga bati. Kila kivuli kilichopita ukutani Syntiche alidhani ni paka. Sajini alilia tena, na kila kilio kilimkumbusha kwamba kuna maneno aliyoyasema leo ambayo hayawezi kuitwa na kopo.

Cha, cha, cha.

Kuku akaita. Kimya. Cha, cha, cha. Kisha, juu ya ukuta, shingo moja nyembamba ikachomoza. Ya pili. Walishuka mmoja mmoja, wakasita mbele ya mwanga wa taa, wakaingia. Syntiche alihesabu kwa vidole. Nane. Tisa. Kumi na moja. Halafu giza likakamilika, na Nkambo akafunga mlango.

"Bado mmoja," Syntiche alinong'ona.

"Bado mmoja," Nkambo alikubali. "Mama yako tayari nimemuambia. Nenda ulale."

Alfajiri kopo lilipolia, kelele zilitoka bandani, na sauti moja zaidi ikajibu kutoka mbali kidogo, juu ya mparachichi wa Papa Zéphirin. Chini ya mti huo Sajini alikuwa amelala, mnyororo shingoni. Kanga alishuka karibu kabisa na pua yake, akapiga hatua tatu, akaruka ukuta akirudi kwao. Mbwa alimsindikiza kwa macho tu.

Wakawa kumi na wawili. Syntiche alitaka kufurahi, lakini furaha haikufika.

Mama Germaine alimvuta karibu, akamfunika kwa kitenge chake. "Kufungua mlango lilikuwa kosa dogo," alisema taratibu. "Ungeniambia palepale, tungetundika taa na kungoja. Uongo njo ulikula mwanga wote wa jioni, na ulikaribia kuwala kanga wetu. Mtu akikosa, aseme mapema, ili wanaompenda wajue waanzie wapi kumsaidia. Na mwenzetu asilipe kosa letu: nenda umwambie Papa Zéphirin mwenyewe."

"Anaweza kunipigia kelele, Mama."

"Anaweza. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Nje, mtu mwenye kamba mkononi alikuwa tayari anabisha kwa jirani. Syntiche alitembea mbele. Lango lilifunguka, na Papa Zéphirin akasimama pale, mrefu, macho mekundu kama mtu ambaye hakulala. Mtu wa Kilwa alikuwa anamfungua mbwa mnyororo.

Syntiche alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyowafikia wote:

"Papa Zéphirin, Sajini hakufanya kitu, mimi ndiye niliyefungua mlango."