Umeme Uliojifanya Umelala

Fundi cherehani alikuwa anapinda sketi za shule, na taa ya chumba chake ilikuwa inamkonyeza tangu asubuhi. Inawaka, inazima. Mumewe alichoka nayo. Alizima swichi ya ukutani, akavuta stuli, akapanda na bisibisi mkononi.

"Holda ya balbu imeungua. Dakika mbili tu nabadilisha."

"Na umeme?"

"Si nimezima swichi? Umelala fofofo."

Jirani yao, mama mmoja fundi umeme, alikuwa amekuja kujaribisha gauni. Alitoka nyuma ya pazia na pini zake mabegani.

"Shemeji, usiguse! Umepima?"

"Nipime nini, na taa imezima?"

"Shuka kwanza, shem."

Akachomoa multimita, kipima umeme chake, mkobani. "Nikitoka bila hii najiona sijavaa." Akageuza kitufe hadi kwenye volti za umeme wa nyumbani, penye alama ya wimbi, kiwango cha mia sita. "Hizi ncha zake shika plastiki, siyo chuma. Kwanza naijaribu kwenye soketi nzima, nijue hainidanganyi." Kioo kikaandika 230.

Mume akashuka, jirani akapanda, akatoa balbu, akafungua holda kwa uangalifu. Ncha nyeusi kwenye waya wa ardhi, nyekundu kwenye waya wa holda.

231.

Fundi cherehani alisisimka mwili mzima. Kitu kisichoonekana wala kunusika, na kidude cha kuenea kiganjani kimekiona!

"Swichi imezimwa, na moto umo?"

"Aliyeifunga alikosea. Swichi inakata waya wa kurudi, haikati waya wa moto, ule unaoleta umeme. Taa inazima, moto unabaki pale pale."

Mume alitazama vidole vyake.

Wakazima swichi kuu. Safari hii fundi cherehani alipima mwenyewe. Sifuri. Jirani akakimbia na pini zake hadi kwenye soketi ya nyumbani kwake, ambako umeme haujazimwa, kuhakikisha multimita bado ni nzima. Alirudi anacheka: "Inasoma. Sasa fanyeni kazi."

Jirani akahamisha waya za swichi, mume akafunga holda mpya. Swichi kuu ikawashwa, taa ikawaka bila kukonyeza.

Fundi cherehani hakuitazama taa. Alikuwa anamtazama mumewe akishuka kwenye stuli, mzima, akilalamikia goti.