Mfereji wa Nne wa Gego la Ndila

Ndila alikuwa mkulima wa Matiliku. Asubuhi moja ya mwaka 1998 alimwekea mumewe, Kiema, sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Yeye mwenyewe alikunywa uji. Mahindi ya muthokoi yanataka magego, na ya upande wa kulia yalishang'olewa yote. Kushoto kulibaki gego moja la juu la kutafunia. Nalo lilikuwa likiuma.

"Ling'olewe tu," alisema Kiema. "Jino likiuma, linatoka. Mambo ya kuziba ni ya watu wa Nairobi."

"Likitoka hili nitatafuna na nini, Baba Mumbua? Na meno yako?"

Walienda kliniki moja ya meno mjini Wote. Wiki sita kabla ya hapo, Musembi, mhudumu wa hapo, alikuwa amelisafisha gego hilo ndani na kuliziba. Siku hii alikuwepo pia daktari mpya, Wanjiro. Ndila alikataa kuketi.

"Mlisema mmemaliza! Mlimaliza nini, na bado linauma?"

Musembi alileta picha ya eksirei. "Mama, tazama. Mifereji mitatu, yote imejaa dawa. Labda ni wasiwasi."

"Wasiwasi huvimbisha ufizi?" Wanjiro alimuuliza. Alikuwa ameuona uvimbe Ndila alipofungua kinywa.

Wanjiro alieleza. "Ndani ya mzizi wa jino kuna mfereji, njia nyembamba kama uzi. Mfereji ukioza, husafishwa na kuzibwa. Ukisahauliwa mmoja, uozo unabaki. Mzee, simama nyuma ya mkeo."

Kiema, mtu mwembamba, alisimama.

"Nikiwa hapa mbele naona mtu mmoja. Nikisogea kando, naona wawili. Picha ya Musembi ilipigwa kutoka mbele tu."

"Kwa hivyo mimi ndio mfereji?" Kiema aliuliza.

"Nyamaza, mfereji," alisema Ndila. Hakucheka.

Wanjiro alitoa karatasi yenye picha ya gego. "Watafiti wana mashine inayopiga gego picha nyingi, kipande kwa kipande. Kompyuta huziunganisha, nao huligeuza na kuliona pande zote. Wameona kwamba gego kama lako mara nyingi lina mifereji minne. Mashine hiyo hatuna. Lakini sasa tunajua pa kutafuta."

Ndila aliketi, naye Wanjiro akapiga picha ya pili kutoka kando. Dawa ya kuzibia haikuwa katikati ya mzizi wa mbele. Ilikuwa upande mmoja, dalili kwamba palikuwa na mfereji mwingine. Alilifungua jino, akatafuta kwa sindano nyembamba, akaupata. Aliusafisha, na wiki iliyofuata akauziba. Ufizi ulinywea. Maumivu yakaisha.

"Pole, mama," alisema Musembi. "Picha ilionyesha mitatu."

"Mimi nilikwambia linauma. Kwa nini uliamini picha, hukuniamini mimi?"

Tangu siku hiyo, gego la kusafishwa mizizi hupigwa picha mbili katika kliniki hiyo. Na mgonjwa akirudi kusema bado linauma, hupimwa upya kabla ya kuambiwa neno lolote.