Njia ya Nyuma ya Baraza

Nilichokiona mwanzo ni vidole vya miguu vya Bi Khairiya. Kakaa kitini, miwani mikubwa ya kompyuta imemfunika uso, anatembea ndani ya picha ya mitaa ya Mji Mkongwe. Kila akilifikia baraza la kahawa, vidole hukunjika ndani ya kandambili, kisha anabonyeza rimoti na kukata kushoto.

— Kapotea tena, alisema Nadir, akaikatisha picha.

Nadir huwafundisha njia wazee walioanza kusahau. Hilo lilikuwa jaribio la mwisho. Abdulwahid, mwana wa Bi Khairiya, alikuwa mlangoni na ufunguo mkononi. Mama yake akishindwa kufika sokoni Darajani ndani ya picha, nyumba inafungwa, anahamia Fumba kwa mwanawe, na mimi niliyemtunza miaka minne narudi kwetu Chwaka.

Mara tatu Nadir keshaniuliza kama amlete mama yake kuniposa. Mara tatu nimeinama. Jana kaniandikia ujumbe: “Kimya chako nimekielewa. Kesho nikimaliza kazi sitakusumbua tena.” Niliusoma mara tano, sikujibu.

— Vua, Mama, alisema Abdulwahid. Sokoni kwenyewe hukujui.

— Nnakujua. Nnakwenda, mnanirudisha.

Mimi hata dukani sisemi, huonesha kwa kidole. Lakini ufunguo ule ulikuwa unanilia masikioni.

— Hajapotea, nilisema.

Abdulwahid akageuka.

— Kumbe huyu ana sauti.

— Pale barazani wamekaa wanaume. Bibi hapiti mbele yao, tangu ujana wake. Anazunguka nyuma. Mwacheni afike.

— Ni picha tu, Sichana, alisema Nadir taratibu, akaiwasha tena pale barazani.

— Picha ya wanaume, alijibu Bi Khairiya ndani ya miwani. Na mmoja ananikodolea macho.

Nadir alikuwa akimkatisha kila anapoiacha njia aliyoichora yeye. Safari hii aliondoa mkono kwenye kompyuta. Bi Khairiya akakata kushoto, akapita vichochoro vitatu, akatokea Darajani, mbele ya meza za samaki.

— Changu hawa wamelala, si wa leo, alisema.

Abdulwahid hakucheka. Aliuweka ufunguo kwenye mapaja ya mama yake, akatoka.

Nadir akafunga begi lake, akafika mlangoni bila kunitazama.

— Nadir.

Akasimama.

— Njia yangu pia hukuijua. Siku ile ya kwanza uliyoniuliza, nilipoinama, nilikubali.