Vifaa Vyepesi vya Mzee Spana

Kila asubuhi mume wangu hunywa chai, huvaa kofia yake, kisha huenda kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba. Watu humwita Mzee Spana, kwa sababu alitengeneza malori mpaka akastaafu. Siku hizi hutengeneza viti vidogo vya watoto, kwa kujifurahisha tu. Zamani alikuwa akipiga randa huku akiimba vibaya. Mimi nilikuwa nikimfokea, "We mzee, nyamaza, utatuletea mvua!"

Kisha kelele zikakoma. Viungo vya vidole vyake vilivimba. Hata kifungo cha shati kilimshinda. Aliendelea kwenda kibandani, lakini alikaa tu. Alishika ubao, akauweka chini, akashika mwingine. Nami nilikuwa jikoni nimetega sikio. Kimya! Jamani, nilimkumbuka sana mume wangu, naye yuko pale pale nyumbani.

Siku moja akarudi na drili ya umeme ya kutobolea mbao. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Nguvu zimenipungua, mama. Chombo kizito kitafanya kazi badala yangu. Kwenye malori ilikuwa hivyo."

"Unaweza kuiinua lakini?"

"Ah, usinianze," akasema, akaingia kibandani.

Drili ikalia. Kisha nikasikia ananiita. Nilikimbia mpaka ndala moja ikabaki njiani. Drili ilikuwa imekwama kwenye ubao, ikamzungusha mkono. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba. Aliziangalia mbao zake kwa muda mrefu.

"Wape wanaozitaka," akasema. "Mimi basi."

Moyo uliniuma, lakini nilimtolea uvivu. "Hutoi hata ubao mmoja! Vaa viatu twende kliniki."

Kliniki tulimkuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mpole mwenye macho makali. Aliugeuza mkono taratibu. Haukuvunjika.

"Baba, hebu shika kalamu hii," akasema.

Mzee akaibana, akakunja uso. Yule dada akaizungushia kitambaa mpaka ikanenepa. "Na sasa?"

"Sasa haiumi sana."

"Kitu chembamba kinalazimisha vidole vibane kwa nguvu. Mpini mnene unavipumzisha."

"Na ile drili yake?" nikadakia.

"Chombo kizito kinataka mkono wenye nguvu wa kukizuia, mama. Kikikwama, kinamzungusha mtu. Atafute ndogo ya betri, iwe nyepesi. Baba, randa na misumeno yako ni mikali?"

Mzee akaangalia dari. "Sijanoa siku nyingi."

"Chombo butu kinakula nguvu zako. Mpe fundi akunolee. Na usishike ubao kwa mkono. Ubane kwenye jiliwa, lile la chuma la kukaza kwa skrubu. Hapo mikono yote miwili itaongoza chombo."

"Dukani nitajuaje kipi kinanifaa?"

"Usinunue kwa macho. Kiinue, kigeuze, bonyeza swichi. Mkono ukiuma au ukitetemeka, kirudishe. Kazini nako, pumzika kabla hujachoka. Maumivu yakiendelea hadi kesho yake, umezidisha. Ukiona ganzi, au vitu vinakuponyoka, acha kazi uje unione."

Tulisubiri mkono upone. Kisha tukaenda dukani. Mzee alishika msumeno mmoja baada ya mwingine, mpaka mwenye duka akachoka.

"Mzee, unanunua au unaisalimia tu?"

"Naisalimia kwanza," mume wangu akajibu. "Ule wa juu umekataa salamu yangu."

Alichukua msumeno mwepesi wenye mpini mnene, na drili ndogo ya betri. Ile kubwa aliwapelekea wenzake wa gereji. Nyumbani tulikata tyubu kuukuu ya baiskeli, tukaizungusha kwenye mipini ya randa na patasi. Fundi alikuwa ameshazinoa.

Asubuhi iliyofuata nilisikia randa inakwenda, pole pole. Mikono yangu ilikuwa imejaa sabuni, nikasimama hivyo hivyo nikisikiliza. Kisha randa ikanyamaza. Nikangoja. Bado kimya. Nikajikuta mlangoni pa kibanda.

Mzee alikuwa amekaa, mikono juu ya mapaja.

"Inauma?" nikauliza.

"Hapana. Napumzika, kama nilivyoambiwa. Ila hii skrubu ya jiliwa siwezi kuikaza. Njoo unisaidie."

Tangu anioe, hakuwahi kumruhusu mtu kugusa vyombo vyake. Nilifuta mikono kwenye gauni, nikaingia, nikakaza.

"Kidogo tena," akasema.

Nikaongeza. Akausukuma ubao kwa kidole, haukutikisika.

"Kesho uje mapema," akasema. "Tuna kiti cha kumaliza."