Kilio cha Mtu Aliye Hai

Franck alikuwa akinawa uso kando ya lori lake huko Kasumbalesa, katika foleni ndefu ya mpakani, aliposikia watu wakililia jina lake.

Aligeuka. Basi lilikuwa limesimama kwenye matope, na wanawake wa Bel-Air, mtaa wake wa Lubumbashi, wale waliomjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, walikuwa wanashuka mikono ikiwa kichwani. Wa kwanza kumwona alikuwa Mama Mukuka, muuza makaa. Akakaa palepale kwenye matope.

"Mama Mukuka," Franck akauliza, "munalilia nani?"

"Wewe," akajibu.

Franck aliwatazama wote, mmoja mmoja. "Na mama yangu iko wapi?"

Walitazama kwenye basi. Alipanda basi mwenyewe. Mama yake, Annie, alikuwa ameketi karibu na dirisha, kichwa kimelala begani mwa Mama Feza, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Mama Feza alikuwa bado amemshika mkono. Moyo wa Annie, ambao daktari alikuwa amekwisha kusema ni dhaifu, ulikuwa umesimama njiani, kabla ya kufika kwenye kizuizi cha kwanza cha mji.

Ilikuwa Jumatano, siku ya uchaguzi, saa tatu asubuhi.

Asubuhi hiyo wanawake wale walipaswa kuwa Lubumbashi, kwenye foleni ya kura. Mmoja wao, Mama Victorine, muuza samaki wakavu, alikuwa amesimama kugombea kiti katika baraza la komini ya Kampemba, wilaya ya mji yenye mtaa wao. Kwa miezi walikuwa wamekutana uani kwake na kukubaliana: safari hii, mwanamke. Lakini kulipopambazuka ilikuja habari kwamba Franck amekanyagwa na lori mpakani, na katika kundi lile hakuna kazi inayozidi kilio cha mwenzao. Hata Victorine aliacha kura yake akapanda basi. Karatasi za maiti ziliwashika mpakani mpaka jioni, na waliporudi na Annie, vituo vilikuwa vimefungwa. Victorine alishindwa kwa tofauti ya kura iliyo ndogo kuliko idadi ya wanawake waliokuwa ndani ya basi lile.

Mtaani walianza kusema kwamba siasa ya wanawake imemwua Annie. Kwenye kilio, shemeji wa marehemu alimwomba Victorine asikae kwenye mkeka pamoja na wengine. Hakubisha. Alichukua kiti kidogo akakaa karibu na lango la lupango, ua wa marehemu, na kila siku alikuja na samaki wa kupikia waombolezaji.

Baada ya maziko Franck alikwenda polisi. Alipokewa na Inspekta Chadia Yuma, mwanamke mwenye asili ya jimbo la mbali la Maniema, mtaratibu wa maneno.

"Kuna muntu aliniua kwa kinywa tu," Franck alisema, "akamuua mama yangu kwa kweli. Bantu banasema ni Mama Victorine. Nataka kujua."

"Na kama ni muntu unamupenda?"

"Nitajua tu."

Chadia alianza na aliyeleta habari. Mama Feza ndiye aliyekuwa mkuu wa vilio katika kundi lile. Mtu akifiwa, yeye ndiye anayezunguka kuamsha wenzake, na sufuria yake kubwa hupika bukari, ugali wa waombolezaji. Alimpokea inspekta mbele ya moto, macho yake mekundu kwa moshi na kwa machozi. Mama Mukuka alikuwa kando yake akichambua maharage.

"Habari ilikufikia namna gani, mama?"

"Kwa telefone. Asubuhi sana, kabla ya jua. Mwanaume. Alisema iko ajenti wa forodha, Kasumbalesa."

"Namba yake?"

"Nilifuta. Namba iliyoleta habari ya mufu ungeichunga ya nini?"

"Haukufikiri kumupigia Franck mwenyewe, usikie kama kweli?"

Mama Feza aliinamisha kichwa. Mama Mukuka ndiye aliyejibu, kama mtu anayemfundisha mgeni adabu. "Madame, kwetu habapigiake mufu telefone. Ukipiga, na ikilia kule mu mufuko yake mbele ya wale banamuosha? Ni kumutukana. Habari ya kilio inafika, unafunga kikwembe, unaenda."

"Na hii desturi nani anaijua?"

"Bel-Air yote. Hata kuku."

Chadia aliona wazi: aliyetunga uongo ule alijua kwamba hakuna atakayeuthibitisha. Kwa hiyo hakuwa mgeni.

Mtu wa kwanza kutajwa na mtaa alikuwa Anaclet, mwenye mabasi mawili, aliyepata kiti kile alichokitaka Victorine. Basi lililowapeleka lilikuwa lake, tena bila nauli. Chadia alimkuta gereji, amevaa fulana yenye picha yake mwenyewe.

"Uliwapa wapinzani wako basi ya bure, siku ya kura," Chadia alisema. "Roho muzuri sana."

"Inspekta, usinichekelee. Mimi kura natafutaka na mukate na fulana, hapana na mufu." Alifuta mikono yake yenye mafuta. "Mama Feza alikuja kuniomba basi siku moja mbele ya kura. Alisema ni ya kupeleka bamama bazee ku kituo cha kura. Nikasema sawa. Nilifikiri wakipanda basi yangu, labda wawili watatu watanikumbuka. Asubuhi dereva ananipigia: patron, hawaendi tena ku kura, kuko kilio. Ningewashusha namna gani? Hata wewe ungewashusha?"

"Hapana," Chadia alisema.

Dereva alieleza vilevile. Chadia aliweka akilini jambo moja tu: basi lilikuwa limekwisha kuombwa kabla ya kifo kutangazwa. Inawezekana ilikuwa bahati.

Wiki ya pili, kampuni ya simu ilijibu ombi la polisi. Asubuhi ile Mama Feza alipigiwa mara moja tu kabla ya jua. Namba haikuwa ya ajenti yeyote wa Kasumbalesa. Ilikuwa ya Constantin, mume wa Victorine.

Habari ilitembea haraka kuliko inspekta. Tangu mwanzo Constantin alikuwa amesema mbele ya watu, kwenye baa na hata mlangoni pa kanisa, kwamba yeye hawezi kumpigia mke wake kura, kwamba nyumba haina majogoo wawili. Chadia alipofika, ndugu zake Constantin walikuwa sebuleni, na Victorine alikuwa amesimama ukutani.

"Ulimupigia Mama Feza asubuhi ya kura, ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo."

"Ulimuambia nini?"

Constantin alitazama ndugu zake, kisha sakafu. "Siwezi kusema hapa."

"Basi tutaenda kusema ku ofisi," Chadia alisema, na kumtoa nje. Hakumtia pingu. Chini ya ukuta wa jirani, mbali na masikio, alimngoja aseme.

"Nilisemea mu choo," Constantin alianza, "juu bandugu yangu basisikie. Nilimuambia: Mama Feza, amusha bamama mapema, foleni itakuwa murefu. Musimuache Victorine peke yake. Njo hiyo tu." Alipangusa uso. "Na kura yangu nilimupatia. Yeye haijue mupaka leo."

"Juu ya nini haumuambie?"

"Nilimusema vibaya mbele ya bantu. Sasa nitamuambia na kinywa gani?"

Chadia alimwamini, lakini kuamini si ushahidi. Simu moja, watu wawili, maneno mawili tofauti. Mmoja wao alikuwa anadanganya, na mtaa ulikuwa umekwisha kumchagua Constantin.

Alirudi kwa Mama Mukuka, kwa sababu huyo ndiye aliyeketi nyuma ya marehemu ndani ya basi. Alimwomba asimulie safari nzima, hata mambo madogo.

"Mambo gani? Tulilia. Annie alikuwa karibu na dirisha. Mama Feza alimufungulia apate hewa, alimupanguza jasho, alimunywesha maji. Kama mutoto yake. Sijaonaka upendo ya vile." Mama Mukuka alitoa kokoto kwenye sinia la maharage. "Tulipopita péage, pale banalipishaka barabara, Annie alianza kushindwa kupumua. Mama Feza akamushika uso, akamuambia mu sikio, lakini mimi nilisikia. Alisema: 'Annie, Franck iko muzima. Nakuapia kwa kaburi ya mama yangu, iko muzima.' Sisi bote tulilia upya. Tuliona ni huruma."

"Na sufuria yake kubwa? Alikuja nayo?"

"Hapana. Alisema tuiache, tutapata huko." Mikono ya Mama Mukuka ilisimama juu ya maharage. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na sasa alikuwa anajisikia mwenyewe akisema. "Inspekta," alisema polepole, "usiniulize tena."

Siku ya kuondoa kilio, matanga yalipokwisha, saa sita mchana, Chadia aliingia katika lupango la marehemu. Mama Feza alikuwa anasugua sufuria. Franck alikuwa karibu yake akimtekea maji, na wanawake walikuwa wanakunja mikeka. Victorine alikuwa kwenye kiti chake langoni, Constantin na ndugu zake nyuma yake.

Chadia aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yake karibu kugusana na ya Mama Feza.

"Mama, mu basi uliapa kwa kaburi ya mama yako kwamba Franck iko muzima. Mbele ya kufika. Bantu wanafarijiana kwa maneno mengi, lakini hiyo kaburi hakuna muntu anaitaja juu ya kitu hajue."

Mama Feza aliendelea kusugua mahali palepale.

"Basi uliiomba siku moja mbele. Sufuria uliiacha, juu hakukuwa mufu wa kupikia. Papa Constantin alikupigia uamushe bamama baende ku kura, nawe ukawaamusha baende ku kilio. Na ulinyamaza bantu walipomulaumu yeye na bibi yake."

Mama Feza aliweka sufuria chini, taratibu, kana kwamba ingevunjika.

"Alikuwa anapotea mu mikono yangu," alisema. "Nikamuambia kweli. Hakuniamini. Alisema: 'Aksanti, Feza, uko na roho muzuri.'"

"Ungemupigia Franck. Annie angesikia sauti yake," Chadia alisema.

"Telefone nilikuwa nayo mu mukono. Namba nilikuwa nayo. Niliangalia bote wale bananiangalia, nikasema ngoja, tutafika sasa hivi. Haya ilinishika. Nikasema tutafika." Alimtazama Franck kwa mara ya kwanza. "Nilifikiri tutakukuta, tutacheka, tutasema ajenti alikosea, tutarudi jioni. Annie nilitaka tumuambie tu uko mugonjwa. Lakini kuko mumoja alipiga kelele ku mulango yake."

Victorine alikuwa ameinuka. "Feza. Mimi nilikukosea nini?"

"Unauliza?" Sauti ya Feza haikupanda. "Ule mwaka mashini za kura zilikuja, mimi nilisimama. Ubunge wa jimbo. Nilikuwa wa kwanza hapa. Mulivaa kikwembe yenye picha yangu, mukaimba mu lupango yangu mupaka sauti zikakauka. Ku kituo chetu, ku nyumba ya masomo hapa karibu, walibandika matokeo. Kura tatu. Moja yangu. Moja ya mutoto yangu Deborah. Miaka mitano, kila asubuhi ku soko, naangalia sura zenu: ile ya tatu ni ya nani? Na bote mulinisalimia muzuri. Sasa Victorine anasimama, munasema safari hii mwanamke. Na mimi nilikuwa nini?"

Wanawake walitazama mikeka mikononi mwao.

"Bwana yangu aliniambia namba ya kubonyeza," Victorine alisema. "Nikabonyeza. Kura sikukupigia, Feza. Ni kweli."

Constantin, nyuma yake, alifunika macho kwa mkono. "Na safari hii mimi nilikupigia wewe," alimwambia mke wake, mbele ya ndugu zake na mtaa wote. "Nilikosa kukuambia."

Shemeji wa marehemu, yule aliyemtenga Victorine, alikohoa. "Mama Victorine, utusamehe. Kuja ukae na wenzako." Victorine alikuja. Mama Mukuka akamshika kiwiko mpaka akakaa.

Franck alikuwa bado ameshika kidumu cha maji. Alikiweka chini.

"Ile ya tatu ilikuwa ya mama," alisema.

Mama Feza hakuelewa, au hakutaka kuelewa.

"Macho yake yalikuwa mabaya, njo maana nilimusindikiza mupaka ku mashini. Picha zilikuwa nyingi. Aliniambia: nionyeshe uso wa Feza. Nikamuonyesha. Akabonyeza yeye mwenyewe."

"Miaka mitano," Mama Feza alisema. "Tulikuwa tunakaa pamoja kila siku. Juu ya nini hakuniambia?"

"Nilimuulizaka vile. Alisema ni wewe uliwafundisha ku mukutano: kura ni siri, usimuambie muntu, hata ule ulimuchagua."

Chadia aligeuza uso.

Mama Feza aliteremka kutoka kwenye kigoda mpaka chini, akanyoosha miguu juu ya udongo, kama anavyokaa mwenye kufiwa. Akafungua sauti, akaanzisha kilio cha Annie, kwa jina lake na jina la mama yake, kama alivyokuwa amewaanzishia wengine wote wa mtaa ule. Mmoja anapoanzisha, wengine huitikia. Alimaliza ubeti wa kwanza. Uani kulikuwa kimya. Akaanza wa pili.

Victorine ndiye aliyeitikia. Aliitikia chini chini, amefumba macho, na hakuacha mpaka polisi walipokuja na gari.