Maonyo Yaliyozimwa

Asubuhi zote za likizo ile ya Agosti 1997, Mwanatatu aliosha vyombo, akafagia ua, kisha akaenda Bofu kwa shangazi yake kujifunza kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito kama gunia la unga, na kuwaka kwake kulishinda jiko la makaa kwa uvivu.

Shangazi, Bi Mwanabibi, alikuwa ameiandikia zahanati ya jirani programu. Muuguzi akibonyeza "Chanjo", dirisha lenye jina la mtoto na tarehe zake lilifunguka kwenye kioo. Sasa zahanati ilikuwa ikiletewa kompyuta mpya, nayo amri ya zamani ya kufungulia madirisha ilikuwa imepitwa na wakati.

"Hapa kwangu bado inakubali, ila inatoa onyo," alisema shangazi. "Kule itakataa kabisa. Iko mahali thelathini na nne. Badilisha moja moja uweke amri mpya, na kila dirisha ulifungue ulione kwa macho yako."

Mwanatatu alibadilisha kumi na tisa. Mgongo ukauma, macho yakawasha, na feni ikampulizia joto lile lile. Onyo nalo halikuchoka: ukilifuta, linarudi. Basi akatafuta mahali pa kuzimia maonyo, akayazima yote. Kioo kikanyamaza.

"Mwanatatu!"

"Abee, shangazi."

"Ushamaliza?"

"Nimemaliza."

"Kumbe una mikono minne!" Shangazi akacheka, akamwamini.

Jumatatu walikwenda pamoja zahanati. Mabenchi yalijaa kina mama na watoto wachanga. Pascalia, muuguzi kijana, akabonyeza "Chanjo". Kimya. Akabonyeza tena. Programu ikakwama.

"Umebonyeza nini, Pascalia?" akafoka Mzee Ngowa, msimamizi. "Mashine ina siku mbili, ushaiua! Inuka. Hutaigusa tena."

"Wallahi, nimetoka Mtongwe kwa miguu," mama mmoja akanung'unika. "Nirudi na mtoto hivi hivi?"

Pascalia aliinuka, machozi yakimlenga. Mwanatatu alitamani sakafu immeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Zilibaki amri kumi na tano. Niliyazima maonyo nikasema nimemaliza."

Shangazi hakufoka. Alivuta kiti. "Kaa. Anza ya kwanza."

Mzee Ngowa akamwomba Pascalia radhi mbele ya watu, naye muuguzi akaanza kuchanja, akiandika kwenye daftari kwa kalamu. Mwanatatu alibadilisha, akafungua dirisha, akabadilisha, akafungua. Saa saba mchana Pascalia alirudi kitini, akabonyeza "Chanjo". Jina la mtoto Nzai likatokea, na tarehe zake zote.

Walirudi nyumbani polepole, miguu mizito.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," alisema Bi Mwanabibi. "Ungeniambia zimebaki kumi na tano, ningekupa chai tukamalizia kesho yake. Lakini onyo ukilizima, kosa halizimiki. Linakwenda kumngoja mtu mwingine, na huyo ndiye atakayelaumiwa."